Bi Jeltje Huhamishwa Saa Nne na Nusu

Siku Roelof Dikland alipotimiza miaka hamsini, keki ilikatwa ofisini saa nne na robo. Ilikuwa ile keki bapa yenye sukari ya waridi juu na maganda ya chungwa ndani, na watu walizungukana wakipeana mikono ya pongezi, wasiozaliwa siku hiyo wakipongezwa sawa na aliyezaliwa. Hilje Postmus alikula kipande chake amesimama dirishani. Hilje hakuwa mtu wa kukaa. Akiketi, miguu inamwasha. Akiinuka, anatafuta sababu ya kwenda chumba kingine, na akifika huko anaanza kutafuta sababu ya kurudi. Nje, upepo wa Leeuwarden, mji wa kaskazini mwa Uholanzi, ulikuwa unasukuma manyunyu kwa ubavu, na baiskeli zilizoegeshwa uani zilikuwa zimeangukiana kama kawaida.

Saa nne na nusu alijifuta vidole, akarudi mezani, akabonyeza kitufe. Majaribio yakaanza.

Upande wa pili wa reli, katika mtaa wa Wilgenstraat, Bi Jeltje Wiersma akajikuta barabarani. Alikuwa amekalia kiti chake kilekile cha jikoni, kisu mkono mmoja, mkono wa pili kiazi ambacho hakijaguswa bado. Kumzunguka kulikuwa na kila alichokuwa nacho: kochi, vitanda viwili, kabati la vyombo, zulia limeviringishwa na kufungwa kamba, mapazia yamekunjwa vizuri juu ya meza. Mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa. Mwendesha baiskeli mmoja alipiga kengele, akalizunguka kabati, akaenda zake. Bi Jeltje alipandisha kola ya sweta lake, akaanza kumenya. Baadaye kidogo majaribio yalikwisha, naye akawa jikoni kwake tena, mkavu, kahawa yake ingali inafuka. Kiazi mkononi mwake kilikuwa kimerudi na ganda lake lote.

Hilo la ganda ndilo lililomkera.

Kampuni ya akina Hilje ilikuwa inalitengenezea shirika moja la nyumba za kupanga mfumo mpya. Uliandikwa kwa Java, lugha ya kompyuta, kama mifumo mingi mikubwa ya aina hiyo, tabaka juu ya tabaka kama kitunguu, na chini ya matabaka yote ilikaa hifadhidata, ambamo mliandikwa nyumba zote za shirika na watu waliokuwamo. Kazi ya Hilje ilikuwa kuujaribu mfumo bila kuacha alama. Kila jaribio lake lilifungua muamala, yaani fungu la mabadiliko yanayokubaliwa au kufutwa kwa pamoja, likafanya ndani yake yote liliyotaka kufanya, likaangalia kama matokeo ni sahihi, kisha badala ya kuuthibitisha muamala likautengua. Yaliyotenguliwa yalikuwa hayakutokea. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, lakini wahenga hawakuwahi kufanya kazi na hifadhidata. Hilje aliyazoa maji kila siku, na alikuwa hodari wa kazi hiyo.

Shirika lilikuwa limewapa nakala ya rejista yake halisi waitumie kwa majaribio. Majina ya kubuni, walisema, hayana matatizo ya watu.

Baada ya majuma kadhaa Bi Jeltje alikuja ofisini mwenyewe. Aliingia na koti linalochuruzika, mwanamke mrefu mwenye mabega mapana, aliyefundisha watoto kuogelea mpaka alipostaafu na ambaye bado alizungumza kana kwamba kuna mwangwi wa bwawa.

"Nani humu ananitoa nje?"

Wote wakamtazama Hilje.

"Ni mimi, Bi Wiersma," Hilje alisema.

"Wewe! Na hivyo vijikono kama vya kifaranga? Mimi nilitarajia mibaba ya kubeba makochi."

"Hatubebi kitu. Ni programu."

"Basi programu yako ina adabu, hilo nalisifu. Hata sahani moja haijavunjika. Lakini sikiliza, mwanangu. Saa nne na nusu ndiyo saa yangu ya kumenya viazi. Nikirudi ndani, viazi vimerudi na maganda. Kila siku namenya mara mbili, kama mpishi wa jeshi. Huwezi kunitoa saa tano, nikiwa nimeshaviinjika?"

Hilje alifikiri. "Saa tano inawezekana. Lakini sufuria litatoka pamoja nawe."

"Na moto?"

"Moto utabaki ndani."

"Basi saa tatu. Saa tatu nasoma gazeti."

"Saa tatu wenzangu bado wanaandika programu. Majaribio yatakwama, na ukikwama huko nje sijui utarudi lini."

Bi Jeltje alivuta kiti, akaketi bila kukaribishwa. Hilje akabaki amesimama. Wakakubaliana saa ibaki ileile, na viazi vimenywe baadaye. Mtu mmoja alimletea mgeni kahawa na biskuti, biskuti moja tu, kisha kopo likafunikwa.

"Haya. Sasa niambie kwa nini mimi."

Hilje alimwambia. Shirika lilikuwa limetunga kanuni: mtu akiwa anaishi katika nyumba ambayo mkataba wake una jina la mwingine, na huyo mwenye jina akifa, aliyebaki anahama. Zamani kanuni kama hiyo ingehitaji ofisa aende kubisha hodi, na maofisa wanapofika mlangoni huanza kusikiliza. Mfumo mpya ungefanya kazi hiyo wenyewe. Jaribio lilihitaji mtu mmoja wa kuhamisha, na katika nakala ya rejista jina la kwanza lililotimiza masharti lilikuwa la Jeltje Wiersma. Mkataba wa nyumba ya Wilgenstraat ulikuwa wa dada yake, Aukje, na Aukje alikuwa amefariki majira ya majani kupukutika.

"Aukje ndiye aliyekwenda kupanga foleni," Bi Jeltje alisema. "Mimi siku hiyo nilikuwa na darasa. Tukasema, wewe nenda, jina lako au langu kuna tofauti gani? Tumeishi humo tangu tukiwa wasichana wenye viuno." Alichovya biskuti. "Kwa hiyo hivi mnavyonitoa, ni mazoezi?"

"Ni mazoezi tu. Hakuna kinachothibitishwa."

"Mimi nimewafundisha watoto wa mji huu kuogelea, mwanangu. Sijapata hata siku moja kumfanyisha mtu mazoezi ya kitu ambacho hakuna anayekusudia kukifanya."

Hilje alikwenda kuchota maji ambayo hakuyanywa.

Tangu siku hiyo utulivu mdogo aliokuwa nao ulimwisha kabisa. Nyumbani alikula akitembea. Kazini alianza kuyakimbiza majaribio haraka haraka, ayamalize, Bi Jeltje asikae sana kwenye manyunyu. Halafu alijilaumu kwamba anaifanya kanuni iwe nyepesi. Siku za mvua kubwa aliahirisha. Siku za jua alibonyeza mapema, akasikia baadaye kwamba Bi Jeltje alikuwa amelala juu ya kochi pale barabarani, amekunja miwani, anaota jua, na kwamba alirudishwa ndani kabla hajashiba.

Kisha Roelof akabadilisha kitu. Roelof alikuwa mkuu wa kikosi chao, mtu mpana, mwema, asiyependa kelele. Aliona kwamba katika kumhamisha mtu, hatua ya kubadilisha kitasa cha mlango ilikuwa inategemea hatua nyingine zote. Moja ikikwama, kitasa hakibadilishwi. Akakifungulia kitasa muamala wake peke yake, unaojithibitisha pembeni, bila kumsubiri mtu.

"Kitasa hakisubiri foleni," alisema, akafurahi.

Kesho yake, baada ya majaribio, simu ya Hilje iliita.

"Nimerudi ndani salama," alisema Bi Jeltje. "Kahawa ya moto, vitanda mahali pake. Ila ufunguo wangu haufungui mlango wangu. Niko humu kama mfungwa wa kitajiri."

Hilje alipanda baiskeli bila kuvaa koti la mvua. Kweli kitasa kilikuwa kipya, kinang'aa, bado kina vumbi la chuma pembezoni. Muamala mkubwa ulikuwa umetenguliwa, ukarudisha mwanamke na kochi na viazi. Ule mdogo wa pembeni ulikuwa umeshajithibitisha, na lililothibitishwa halirudi.

"Pita dirishani!" Bi Jeltje alipaza sauti. "Guu la kulia kwanza. La kulia! Ndiyo. Usiangalie chini."

Hilje akaangukia jikoni juu ya mkeka. Bi Jeltje alimkaushia nywele kwa taulo, kwa nguvu, kama aliyetoka majini. Kwenye msumari nyuma ya mlango lilikuwa limetundikwa koti la kijani ambalo lisingemwenea mwanamke wa mabega yale.

"La Aukje," Bi Jeltje alisema. "Kila siku linatoka na kurudi nami. Nilitaka kuligawa, lakini nikiligawa asubuhi, saa nne na nusu ukanitoa, nani anajua litarudi kwa nani? Nimeliacha. Aukje alikuwa mtu wa maneno. Mimi nilipiga kelele kazini, yeye nyumbani. Siku aliyokufa nilikaa nikingoja animalizie sentensi." Akakunja taulo. "Huwezi kukaa hata kidogo, eh? Unanitia kizunguzungu."

Hilje alikaa. Alikaa mpaka kikombe kilipokwisha, na ulikuwa muda mrefu kuliko alivyokuwa amekaa popote tangu mwaka ule uanze.

Aliporudi ofisini alijua la kufanya. Ndani ya matabaka ya Java kuna kipande cha programu kiitwacho msimamizi wa miamala. Yeye ndiye huambiwa thibitisha, na yeye ndiye huthibitisha. Hilje aliandika msimamizi mwingine, wa bandia, wa kukaa mahali pa yule wa kweli wakati wa majaribio tu. Huyu akiambiwa thibitisha, alijibu "tayari" kwa sauti ileile, na hakuthibitisha kitu. Muamala mkubwa ulimwamini, na muamala wa pembeni ulimwamini. Kila mmoja aliondoka akidhani yake yameandikwa, na mwisho wa jaribio yote yalitenguliwa kwa pamoja.

Asubuhi iliyofuata Bi Jeltje alitolewa, akarudishwa, na kitasa cha zamani kikawa mlangoni pake, kimechakaa vilevile, kinahitaji kuvutwa kidogo ndipo kifunguke.

Wiki chache kabla ya mfumo kuanza kutumika, shirika lilimtuma Coba Lantinga aje kuuangalia. Alikuwa mama mpole mwenye skafu ya sufu aliyoifuma mwenyewe. Alisimama nyuma ya Hilje akatazama majaribio yanavyopita, kila moja likigeuka kijani.

"Kijani ni nzuri?" aliuliza.

"Kijani maana yake linafanya kazi kama mlivyoagiza."

"Na hawa wanaohamishwa, wanarudi vizuri?"

"Wakati wa majaribio, ndiyo."

"Afadhali. Sitaki mtu aumie."

Hilje aligeuka. "Bi Lantinga, mfumo ukianza kweli, hawatarudi."

"Hapana, hapo hawatarudi," alisema Coba kwa upole. "Hapo itakuwa kanuni."

Hilje akamweleza juu ya wale dada wawili, juu ya foleni, juu ya jina moja kuandikwa badala ya lingine kwa sababu siku hiyo mmoja alikuwa na darasa. Coba alisikiliza mpaka mwisho. Macho yake yalilengwa na machozi, akayapangusa kwa ncha ya skafu.

"Masikini," alisema. "Lakini, binti, unajua ni vijana wangapi katika mji huu wanalea watoto kwenye vyumba walivyolelewa wao? Wanakuja kwangu. Nao wana majina." Akamshika bega. "Mimi sikuja na nyumba nyingine mfukoni. Nimekuja na kanuni tu."

Hilo nalo lilikuwa kweli, na lilimsumbua Hilje kuliko kama lingekuwa uongo. Jioni ile alizunguka mfereji wa mji mzima kwa miguu, akisukuma baiskeli yake, bila kukumbuka kuipanda.

Siku ya kufunga kifurushi cha mwisho cha programu, kile ambacho shirika lingekiwasha, Hilje alimchukua msimamizi wake wa bandia kutoka kwenye majaribio, akamweka ndani ya mfumo wa kweli, mahali pa yule wa kweli. Haikuwa kazi kubwa. Ni kuhamisha faili moja. Alifikiri: mfumo utaamuru, msimamizi atajibu "tayari", watu watakaa nje kidogo, kisha watarudi kwenye kahawa zao, na shirika litaamini limewahamisha. Hakufikiri zaidi ya hapo, au alifikiri akaacha. Maana msimamizi yuleyule asingethibitisha pia mikataba mipya, wala matengenezo ya paa, wala mtoto aliyeongezwa kwenye nyumba.

Asubuhi Roelof alimwita. Alikuwa amefungua kifurushi kwenye kioo cha kompyuta yake.

"Hilje, umesahau kitu chako humu."

Hilje alitazama. "Nimesahau," alisema.

"Hutokea. Ukiwa na mambo mengi."

Akamwondoa yule wa bandia yeye mwenyewe, akamrudisha wa kweli, akafunga kifurushi. Kisha akaenda kumletea kahawa, akaitia maziwa kama Hilje alivyopenda, akaiweka mezani kwake taratibu bila kumtazama usoni. Hilje alikuwa na nafasi ya kusema hapana. Ilikuwepo, pana, muda wote ule ambao mashine ya kahawa ilikuwa inasaga. Aliisikiliza mashine mpaka iliponyamaza.

Mfumo uliwashwa katikati ya juma. Hilje aliomba ruhusa, akaenda Wilgenstraat, akamkuta Bi Jeltje ameshavaa viatu na koti.

"Leo ndiyo siku ya kina kirefu," Bi Jeltje alisema.

Saa nne na nusu wakawa nje, wote wawili kwenye kochi, kwa kuwa Hilje alikuwa amelikalia. Kando yao kulikuwa na vitanda, kabati, zulia lenye kamba. Mbele kidogo, kwenye kona, mzee mmoja alikuwa ameketi kati ya vyombo vyake na tundu la kasuku mapajani, na ng'ambo ya barabara wanaume wawili, mtu na mwanawe, walikuwa wanajaribu kuweka turubai juu ya piano. Waendesha baiskeli walipita kwa zigizaga. Gari la posta lilisimama, dereva akateremka, akasaidia kusogeza meza, akaendelea na safari. Manyunyu yalianza.

Hilje alingoja. Alijua hakuna cha kungojwa, lakini mwili wake ulikuwa umezoea kwamba baada ya muda mambo hurudi. Kahawa aliyotoka nayo Bi Jeltje iliacha kufuka, ikapoa, ikaanza kupokea matone ya mvua.

"Basi," Bi Jeltje alisema, akaimwaga.

Mpwa wake Sietse alikuja kutoka mji wa jirani wa Drachten na tela nyuma ya gari. Tela lilichukua kitanda kimoja, kabati, na lile koti la kijani. Kochi lilibaki, kwa sababu kwa Sietse kulikuwa na ngazi nyembamba. Bi Jeltje alimpa Hilje mkono, akaukaza kama anayemtoa mtu majini, akapanda gari.

Nyumba ilipewa kijana mmoja aitwaye Ids, mwenzake na mtoto wao mchanga. Walikuwa wamengoja miaka. Ids alilia alipokabidhiwa funguo, na hakuna aliyeweza kumlaumu.

Majaribio hayakuishia hapo. Mfumo hujaribiwa kila siku maadamu unaishi, usije ukasahau. Shirika lilileta nakala mpya ya rejista, na asubuhi ya kwanza jaribio la kanuni ile likawa jekundu. Lilimtafuta Jeltje Wiersma wa Wilgenstraat limhamishe, halikumpata. Wengine waliotimiza masharti walikuwa wameshahamishwa wote, kwa maana kanuni ilikuwa imefanya kazi vizuri.

"Mwandike wewe mwenyewe," Roelof alisema. "Jaribio likianza, liandike kwamba dada mwenye mkataba yuko hai na huyu mwingine anaishi naye. Halafu liandike kifo. Kanuni iamke, imhamishe. Mwisho utengue kama kawaida."

"Nimwandike Aukje kuwa yuko hai?"

"Asipokuwa hai kwanza, atakufaje?" alisema Roelof. Ilikuwa hoja safi.

Hilje hakuandika siku ile. Alipanda basi mpaka Drachten. Bi Jeltje alikuwa amewekwa darini kwa mpwa wake, kwenye chumba ambacho dari ilimlazimisha mtu wa kimo chake kuinama kila mahali isipokuwa katikati. Alisimama katikati. Hilje alimweleza yote: kwamba kila siku angekuwa Wilgenstraat kwa kitambo, na Aukje naye, kwamba Aukje angekufa tena, kila siku, kwamba kisha yote yangetenguliwa, na yeye angekuwa hapa darini.

Bi Jeltje aliegemeza kiganja kwenye dari.

"Atajua?"

"Aukje? Hapana. Kwake kila siku itakuwa ya kwanza."

"Na mimi nitakumbuka?"

"Kumbukumbu zako hazimo kwenye hifadhidata, Bi Jeltje. Hakuna anayeweza kuzitengua."

"Atakufa kwa maumivu?"

"Kwenye mfumo ni tarehe tu. Anaandikwa tarehe."

Mwanamke akatazama kidirisha cha paa. Chini, watoto wa Sietse walikuwa wanapiga mpira kwenye mlango wa gereji.

"Niandikie," alisema. "Na wewe huko kwenye mashine yako, usikimbize. Umesikia? Ukifika kwake, nenda polepole."

Siku iliyofuata, saa nne na nusu, Aukje Wiersma alikuwa ameketi jikoni Wilgenstraat, na Jeltje mbele yake. Ids alikuwa anamlisha mtoto uji. Aliwasalimu, akawaongezea vikombe. Shirika lilikuwa limemjulisha kwamba kutakuwa na majaribio.

"Jeltje," alisema Aukje, mwanamke mdogo mwenye sauti inayokwenda kasi, "huyu mtoto wa nani? Na pazia langu la njano limekwenda wapi? Nani ameweka kitu hiki cha kijivu, kama hospitali?"

"Mtoto wa jirani," alisema Jeltje. "Pazia liko kwa dobi."

Kila siku Aukje aliuliza, na kila siku Jeltje alitunga jibu jipya: mtoto wa binamu wa kule Sneek, mtoto wa kuazima, mtoto uliyejishindia kwenye bahati nasibu, hukumbuki? Ids alizoea, akaanza kuchangia. Walipata karata kwenye droo yake. Hilje aliweka ndani ya jaribio, kati ya mstari wa kumwandika Aukje hai na mstari wa kuandika kifo chake, amri ya kungoja. Mwanzo ilikuwa fupi. Aliirefusha kidogo kidogo, kadiri mchezo ulivyorefuka.

Mfumo ulisifiwa. Mashirika ya miji mingine miwili yalikuja kuuona, yakaununua, kanuni ile ikiwa ndani yake.

Wakati majani yalipoanza tena kupukutika, Roelof alisimama nyuma ya kiti cha Hilje. Hilje alikuwa ameketi. Alikuwa anaketi siku hizi, saa ile tu, mikono katikati ya magoti, guu moja likipiga sakafu haraka haraka.

"Hili moja linachelewesha mengine yote," Roelof alisema. "Watu wananung'unika. Linafanya nini hapa katikati?"

"Linangoja."

"Linangoja nini?"

"Wamalize raundi yao."

Roelof alikuna shavu. Kwenye kioo jaribio lilikuwa limesimama mstari mmoja kabla ya tarehe ya kifo.

"Nani anaongoza?" aliuliza.

"Aukje. Anaiba karata."

"Sawa," alisema Roelof. "Lakini wakimaliza, hakikisha linapita."

Akarudi mezani kwake. Kule Wilgenstraat, Aukje aliweka karata yake ya mwisho juu ya meza, akamcheka dada yake kwa kichwa kilichotupwa nyuma, akaanza kumwambia jambo. Amri ya kungoja ilikwisha. Jaribio likaandika tarehe, kanuni ikaamka, na kwenye kioo cha Hilje mstari ukageuka kijani.